Amplifaya ya Kaniha Jazz

Kaniha, Biharamulo
13 Februari 2000

Ndugu yangu Nzeyimana,

Barua hii anakuletea Ndassa, dereva wa lori la mahindi yanayokuja huko kambini. Ni mtu wa kuaminika, mpe na majibu.

Huku hatujambo. Tangu ninyi wakimbizi mlipokusanywa vijijini na kurudishwa kambini, bendi imekuwa ikijikokota tu, lakini mwaka huu tumeanza kuitwa, na si kwenye vilabu vya pombe peke yake. Mwezi uliopita tulipiga harusi Nyarubungo, watu zaidi ya mia nne. Waliokaa nyuma walisikia ngoma tu. Bibi harusi akamtuma mtu kuuliza kama gitaa limeharibika. Nilikuwa nimekifungua kile kiamplifaya chetu mpaka mwisho, kinakoroma kama mtu mwenye mafua. Na mpigaji nilikuwa mimi, unavijua vidole vyangu.

Sasa tumeahidiwa viwanja vya mpira, Biharamulo na hata Ngara mjini. Kwa hiyo nataka amplifaya yenye nguvu. Mwanza nimeona mbili. Ya kwanza ni mpya, inang'aa, imeandikwa wati mia moja na hamsini mbele kabisa, ina spika moja ya inchi nane. Ya pili imetumika, imetoka Japani, wati mia moja, spika mbili za inchi kumi na mbili. Nzito mpaka uwe na mtu wa kukusaidia, na ngozi yake imechanika pembeni. Mimi moyo wangu uko kwenye ile mpya, ila mwenye masikio ni wewe.

Nichagulie. Ukishanichagulia nitakwenda ofisini Ngara kukuombea kibali uje uipige mwenyewe. Siwezi kununua chombo kama hicho kwa ajili ya vidole hivi vyangu.

Rozalia anakusalimu. Bado anaimba vilevile.

Wako,
Wiston


Kambi ya Lukole, Ngara
27 Februari 2000

Kaka Wiston,

Nimesoma barua yako mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ili mke wangu Adelfina naye asikie. Alisema, "Angalau kuna mtu anayekukumbuka kwa kazi yako." Hapa mimi ni namba ya kadi ya mgawo na baba yake Irakoze, basi.

Usinunue ile mpya. Hizo wati mia na hamsini zimeandikwa mbele kwa ajili ya macho. Spika ya inchi nane ukiilazimisha uwanjani itapiga kelele kali ya kuumiza walio mbele, na walio nyuma hawatapata kitu. Upepo utaichukua yote. Spika mbili za kumi na mbili zinasukuma hewa, na gitaa lina mwili, si kucha tu. Bujumbura nilipiga na chombo kama hicho miaka minne, watu wakatusikia mpaka barabarani.

Lakini usinunue bila kuijaribu. Kwanza bonyeza karatasi ya spika kwa vidole vyote, polepole, usikie kama inakwaruza ndani. Ikikwaruza iache. Nusa kwa nyuma. Harufu ya kuungua haitoki hata ikifutwa. Halafu mwambie mtu apige, wewe toka nje, vuka barabara, usimame ng'ambo. Usisikilize ukiwa umesimama mbele yake. Aliyesimama mbele husikia vizuri siku zote. Wewe unamnunulia mtu wa mwisho kabisa uwanjani, yule aliyebeba mtoto na hawezi kusogea karibu.

Mkishaipata, iwekeni juu ya meza, iegemee nyuma kidogo. Na msifungue besi sana mkiwa nje.

Kuhusu kibali, nakushukuru kabla hujaenda. Ningekwenda mwenyewe ofisini, lakini ulisema utaomba wewe, na ombi la raia nadhani lina uzito kuliko langu. Nitangoja.

Amahoro, amani kwenu,
Nzeyimana


Kaniha
22 Machi 2000

Ndugu yangu,

Tumeipata. Ile ya Japani. Nilivuka barabara kama ulivyoniagiza, muuza duka akadhani namkimbia. Nilisimama karibu na wauza dagaa na nilisikia kila uzi. Nakwambia machozi yalinitoka.

Barua ya kukuombea kibali nimeipeleka Ngara kwa mkono wangu. Mzee mmoja pale ofisini amesema faili liko mezani, tuvute subira.

Sasa nina ombi. Wenzetu wa bendi hawazijui nyimbo zako vizuri, hasa ule wa mama. Ukija utakuta siku zimebaki chache za mazoezi. Je, huwezi kuturekodia kaseti? Piga sehemu yako ya solo polepole, halafu kwa mwendo wake. Na maneno uyaandike. Ukifika uwakute wako tayari.

Wiston


Lukole
9 Aprili 2000

Kaka Wiston,

Kaseti hiyo. Samahani kwa kuku wanaosikika upande wa pili. Gitaa nimeazima kwa kwaya ya parokia ya hapa, uzi wa nne ni waya wa breki ya baiskeli, na redio ya kurekodia ni ya jirani ambaye alisimama mlangoni muda wote kuangalia nisimalize betri zake.

Wimbo wa mama nimeupiga mara mbili. Wewe unajua habari yake lakini wenzetu hawaijui, waambie. Tulipofika mtoni tukikimbia vita, mama yangu Odeta alisema nimvushe kwanza Irakoze, aliyekuwa mgongoni, halafu nirudi kumchukua yeye. Nilirudi. Ukingo ulikuwa mtupu, viatu tu. Ndiyo maana kati ya ubeti wa pili na wa tatu gitaa linabaki peke yake na kupiga noti zilezile nne. Hapo namwita. Wasipaharakishe.

Adelfina ananiuliza kwa nini natoa kila kitu kabla ya kupata hata karatasi ya kibali. Nimemwambia wewe ndiye uliyenipa chumba mwaka mzima kule Kaniha bila kuniuliza kabila.

Nipe tarehe.

Nzeyimana


Kaniha
4 Mei 2000

Nzeyimana,

Wamekataa. Wanasema hakuna mkimbizi kutoka kambini kwa mambo ya starehe. Nimebishana nao mpaka nikaogopa. Usijaribu kwenda mwenyewe, utajiharibia.

Tutapiga hivyo hivyo, na roho yako itakuwa nasi.

Wiston


Biharamulo mjini
3 Juni 2000

Mpendwa dada Adelfina,

Sijui kama utanikumbuka. Mimi ni Rozalia, mwimbaji wa Kaniha Jazz. Uliwahi kunisuka mwaka ule mlipoishi kwetu.

Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi. Dada yangu, pole. Pole sana kwa msiba wa Nzeyimana. Wiston alituambia katikati ya mwezi wa tano, mbele ya bendi nzima, kwamba homa imemchukua huko kambini na mmeshazika. Nilimwomba twende tukakae nawe hata siku moja. Akasema haturuhusiwi kuingia.

Nataka ujue kwamba hatujamsahau. Wiston anasema marehemu alimwachia kaseti na kumwambia, "Wimbo huu sasa ni wako." Wiston ameubadilisha maneno kidogo. Haumtaji tena mama, unamtaja rafiki aliyebaki ng'ambo. Tunafungua nao kila onyesho. Nyarubungo watu walisimama wote, wanaume wakavua kofia. Tumepata mpigaji mpya, Kazimili, kutoka Mwanza. Anaisikiliza ile kaseti mpaka vidole vinavimba, anasema hajawahi kufundishwa na maiti.

Namtuma Sista Ildefonsa na barua hii maana anakuja kwenye zahanati yenu. Nimeweka na kitenge kwa ajili ya Irakoze. Mwambie baba yake alikuwa mtu mkubwa.

Mdogo wako katika majonzi,
Rozalia


Kaniha
6 Juni 2000

Ndugu Nzeyimana,

Nakuandikia kwa haraka, Ndassa ameshawasha gari. Tarehe 17 tunapiga fainali ya kombe la wilaya, uwanja wa mpira Ngara mjini. Uwanja mzima, ndugu yangu.

Dukani walitupa kisanduku cha kupunguza umeme, tunachomeka kwanza hicho halafu amplifaya. Juzi kimeungua. Nyuma ya amplifaya kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba 110 na 220, sasa hivi iko 110. Fundi mmoja anasema tuchomeke vivyo hivyo kwenye jenereta, haidhuru. Mwingine anasema tukifanya hivyo tutapata moshi. Nimeshindwa kujua nimwamini nani. Hapa hakuna mtu anayejua kama wewe.

Jibu kwa mkono wa Ndassa tu, usimpe mtu mwingine.

Wako daima,
Wiston


Lukole
11 Juni 2000

Wiston,

Barua yako imenikuta nikiwa na barua nyingine mkononi. Rozalia amempa mke wangu pole ya kufiwa na mimi. Adelfina aliisoma mistari miwili akanitazama, nilikuwa napasua kuni, akacheka. Kisha akasoma mpaka mwisho na hakucheka tena. Irakoze ameona kitenge na anauliza zawadi ni ya nini.

Alhamisi nilikwenda kwenye ofisi ya kambi. Kijana wa pale alifungua daftari la vibali tangu mwezi wa pili. Jina langu halimo. Nikamwambia labda ombi limekataliwa Ngara. Akasema maombi yote hurudi kwake, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, na kwamba kwaya ya parokia ilipewa siku tatu mwezi uliopita kwenda kuimba. Akaniuliza, "Kwani wewe kwa nini hukuja mwenyewe?"

Sasa sikiliza kuhusu swichi.

Jana nilikuandikia karatasi nyingine. Ilikuwa fupi. Ilisema: acha hapo hapo, chomeka, haidhuru. Ungeiwasha mbele ya uwanja mzima na ungepata moshi na kimya. Niliikunja nikaiweka mfukoni, nikalala nayo. Asubuhi nimeitia jikoni chini ya sufuria. Si kwa ajili yako. Nilikichagua chombo kile mimi, na sina kitu kingine nilichokichagua miaka hii yote kikawa.

Zima kila kitu, chomoa waya. Sogeza swichi iende 220. Toa fyuzi ya nyuma, weka nyingine yenye nusu ya nguvu ya hiyo. Halafu chomeka moja kwa moja kwenye jenereta, bila kisanduku. Acha ipate moto dakika tano kabla ya kupiga.

Nimeomba kibali cha siku moja. Nimekipata kwa siku mbili tu za kungoja. Tarehe 17 nitakuwa Ngara.

Nzeyimana


Lukole
19 Juni 2000

Dada Rozalia,

Usiogope mwandiko huu. Mimi ni mzima, na Adelfina ametia sahihi yake hapo chini ili uamini. Sikukuandikia mapema kwa sababu barua ya mtu aliyekufa inatisha, nilitaka unione kwa macho. Haikuwa hivyo, na nitakueleza kwa nini.

Nilifika uwanjani saa nane na Irakoze. Wewe ulikuwa hujaja. Wiston alikuwa nyuma ya lori, anafunga waya. Aliponiona hakushtuka. Alikaa chini juu ya kreti ya soda akasema, "Swichi imefanya kazi. Asante."

Nikamwuliza, "Nimekufa na nini?"

"Homa."

"Na kibali? Kwa nini hukuomba?"

Akasema, "Ningekuombea, ungekuja. Ungekuja, watu wangekutazama wewe, kama zamani. Mimi ndiye niliyeianzisha bendi hii, Nzeyimana. Kila tulipokwenda waliuliza Mrundi yuko wapi, tutamngoja Mrundi. Nikisema yuko kambini, wanaahirisha. Niliposema umekufa, walilia, halafu wakacheza."

Alisema hivyo kama anayenieleza bei ya mahindi. Nadhani hata yeye alikuwa amechoka kuubeba uongo huo.

Nilimtaka jambo moja tu. Aseme kwenye kipaza sauti kwamba niko hai na kwamba wimbo ni wa mama yangu Odeta. Akanishika mikono yote miwili, akaniapia kwamba ataanza na hilo kabla ya kitu chochote. Nikaenda nyuma kabisa, karibu na goli la upande wa barabara, nikampandisha Irakoze mabegani.

Ulikuja umevaa njano. Wiston akachukua kipaza sauti akasema, "Wimbo huu nimemtungia rafiki yangu marehemu." Kisha ukaimba.

Utaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Mama mmoja aliyesimama kando yangu alikuwa analia kwa kwikwi. Alikuwa ananililia mimi, na akaniomba nimshikie kikapu ili ajifute. Nikamshikia. Nilijisikia aibu, Rozalia, kana kwamba mimi ndiye niliyewadanganya wote. Ningesema nini? Mimi ndiye marehemu? Ilipofika pale kwenye noti nne, Kazimili hakupaharakisha. Amefundishika vizuri. Irakoze akainama akaniambia sikioni, "Baba, huo ni wa bibi." Nikamwambia ndiyo. Gari la kuturudisha lilikuwa linaondoka saa kumi na moja, tukatoka.

Sikulaumu. Uliimba ulichoambiwa. Ila sasa umejua.

Nzeyimana

Ni kweli, dada. Yuko hapa anakula. — Adelfina


Nyarubungo
16 Julai 2000

Kaka Nzeyimana,

Barua yako nimeisoma. Nilishukuru Mungu kwanza. Hasira ilikuja baadaye na haijaondoka.

Nilimpelekea Wiston. Aliisoma, akairudisha, akasema tutazungumza baada ya onyesho la Biharamulo. Nikaona hiyo ni ahadi kama ile aliyokupa wewe. Kwa hiyo sikungoja. Tarehe 24 mwezi uliopita, uwanja umejaa, alipomaliza kusema habari za marehemu nilikishika kipaza sauti kabla gitaa halijaanza. Nikasema, "Ndugu zangu, Nzeyimana hajafa. Yuko Lukole. Wimbo huu ni wake, ni wa mama yake."

Nilidhani watashangilia. Nikarudia. Nikaona nyuso za watu wa mbele, wananitazama kwa huruma, mama mmoja anatikisa kichwa. Wiston akaja taratibu, akanizungushia mkono begani, akawaambia watu, "Dada yetu majonzi yamemzidi. Mtuombee." Na kweli wakaanza kuniombea, kaka. Kuna waliopiga magoti. Nikapiga kelele, barua ninayo, njooni muisome. Akamwashiria Kazimili. Kazimili alinitazama, hakujua amwamini nani, kisha akapiga. Ile amplifaya ilikuwa nyuma yangu hatua tatu. Nilihisi mgongoni jinsi inavyosukuma. Nilikuwa nasema na sikujisikia mwenyewe.

Niliteremka jukwaani, sijarudi tena. Bendi wamesema niko kwa mganga. Nimehamia hapa kwa dada yangu Jovina, tunalima mihogo. Watu wanaonijua wananisemesha polepole, kama mtoto. Nimewaonyesha barua yako wanne. Wawili wameamini, mmoja akasema maiti wengine huandika.

Sista Ildefonsa ameniahidi nafasi kwenye gari lake mwezi wa nane. Nitakuja niwaone wote watatu. Nataka unifundishe maneno ya mwanzo, yale ya mama Odeta, maana mimi niliyapokea yakiwa yameshabadilishwa.

Jana kulikuwa na harusi ng'ambo ya bonde, mbali, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu. Nilikuwa shambani nimeinama. Upepo ulikuwa unatoka upande mwingine. Walikuwa wao. Nilisikia kila uzi mpaka zile noti nne, safi kabisa, kama mtu anapiga nyuma ya nyumba.

Ulichagua vizuri, kaka.

Rozalia